TAHADHARI: Matapeli wanaodai kufungua mafaili yaliyofungwa na kirusi cha Djvu

Ndugu zangu wenye studio za picha na stationery, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna watu wanashinda Facebook na Telegram wakivizia waliofungiwa mafaili na Djvu, kirusi kinachofunga mafaili ya kompyuta ili wahalifu waliokiachia wadai hela ya kuyafungua. Ukiandika tu "jamani picha zangu hazifunguki", anakuja inbox: mimi fundi, narudisha data, uhakika asilimia mia. Mdogo wangu kaliwa hivyo hivyo. Picha za harusi za wateja wake mpaka leo hazifunguki, na inaniuma sana.

Watu wananaswa hapa: anakuomba faili moja la majaribio, kisha anakurudishia limefunguka, safi kabisa. Nani asingeamini? Kumbe wahalifu walioachia kirusi wenyewe huahidi, kwenye ile _readme.txt (ujumbe wao wa kudai hela) inayobaki kwenye folda, kufungua faili moja bure. Tapeli analipeleka faili lako kwao, wanalifungua, anakuletea kama kazi ya mikono yake. Ukishalipa, hapatikani tena. Wengine wanakutumia programu ya kufungulia. Msiiguse! Mwaka 2020 ilisambaa moja ya bandia, Zorab, ikawa inayafunga mafaili mara ya pili.

Wahalifu wenyewe kwa miaka mingi walidai dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Sasa huyu tapeli anayekutoza laki moja na nusu, ufunguo (namba ya siri ya kufungulia mafaili) kautoa wapi? Tangu Agosti 2019, kompyuta iliyokuwa kwenye intaneti wakati inashambuliwa hufungwa kwa ufunguo wake peke yake, na wanao wao tu. Namba yako ya utambulisho kwenye _readme.txt ikiishia na t1, yaani kirusi hakikupata intaneti, hapo pana matumaini, kwani ufunguo uliotumika ni wa wengi na huenda umeshapatikana. Angalia kwenye tovuti ya nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Ni bure.

Usifomati. Ondoa kirusi kwanza, halafu nakili mafaili yaliyofungwa pamoja na hiyo _readme.txt kwenye diski ya nje, uyatunze. Video kubwa usizifute kabisa: Djvu hufunga kama KB 150 za mwanzo tu, kwa hiyo nyingi zinatengenezeka.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi waizuie, halafu nenda polisi na meseji zote. Usifute hata moja.