Kasha la injini ya Porsche 911 ya zamani: lipi la kununua, na kwa bei gani

Kasha la injini ya 911 inayopozwa kwa hewa ni nusu mbili zilizochongwa zikiwa pamoja, zikabana krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwenye beringi nane. Mafundi wengi huliita bloku tu. Silinda sita hukaa nje yake, kila moja ikishikwa na boliti ndefu nne, yaani 24 kwa jumla. Thamani ya kasha kuukuu iko kwenye matundu ya boliti hizo 24 na kwenye mstari wa beringi, yaani vitanda vyake vyote kuwa katika mstari mmoja. Ung'avu wa picha haukuongezei kitu.

Ninayapanga hivi, kwa mtu anayetaka gari la kuendesha.

La kwanza ni la 911 SC, 1978 hadi 1983, lita 3.0. Ni alumini, na nyuzi za matundu yake, yaani mikunjo inayoshika boliti, ni ngumu kung'oka. Gari lenyewe tunalijua: Vic Preston Jr alimaliza wa pili nalo kwenye Safari Rally ya 1978. Kasoro yake mashuhuri ni boliti ndefu za safu ya chini, zinazoshika pia hedi (vifuniko vya silinda), ambazo hukatika. Hiyo ni kasoro ya boliti, si ya kasha, ila uliza kipande kilichobaki ndani kilitolewaje. Fundi mwenye haraka huharibu tundu zima kwa drili. Jua pia kwamba krankishafti ya injini ya lita 2.7 haiingii humu: ya SC ina shingo nene zaidi, na flaiwili yake (gurudumu zito la mwisho wa krankishafti) hufungwa kwa boliti tisa badala ya sita.

La pili ni la Carrera 3.2, 1984 hadi 1989, nalo ni alumini. Ukikuta bei zao zinakaribiana, chukua lililo zima zaidi kati yake na la SC.

La tatu ni la magnesi (magnesiamu), lenye namba ya kipuri inayoishia na 7R. Namba hiyo imetoka na kalibu, haikugongwa baadaye, na ndiyo alama ya kasha la magnesi lililoimarishwa kuliko yaliyolitangulia. Kama unajenga 2.4 au 2.7 na unataka uzito mdogo nyuma ya gari, hili ndilo la kutafuta, na wauzaji wanalijua hilo.

Chini yake naweka makasha mengine ya magnesi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Magnesi hutanuka kuliko chuma cha boliti. Injini ikipata moto, kasha na silinda hutanuka, boliti hazivifuati, na mwishowe zinang'oa nyuzi. Tatizo liliziuma zaidi 2.7 za Marekani za 1975 hadi 1977, hasa zile zilizofungwa vyumba vya kuchomea moshi chini ya hedi, maana joto lote lilibaki pale pale. Kasha la gari kama hilo lisilo na bushi za chuma, yaani vipande vyenye nyuzi vinavyotiwa kuimarisha tundu, kwenye matundu yote 24 nalihesabu kuwa kazi iliyobaki, hata muuzaji aape. Bushi kwenye matundu machache tu ni dalili mbaya: mtu alitengeneza yaliyong'oka akaacha yanayosubiri.

Makasha ya alumini ya mwanzo, hadi 1968, waachie wanaorudisha gari katika hali ya kiwandani. Bei yake inafuata uadimu.

Ukiwa nalo mkononi, anza na chuma chenyewe. Magnesi ni nyepesi sana na kijivu chake kimefifia. Tone la siki kwenye sehemu iliyokwanguliwa hutoa mapovu upesi, alumini hutulia. Usitumie grinda kwa jaribio hili, vumbi la magnesi huwaka. Kama kasha limekaa Mombasa, Dar au Muscat bila mafuta, chunguza vishimo vya chumvi kwenye maungio na penye mipira ya kuzuia oili.

Kisha linganisha namba zilizogongwa kwenye nusu mbili. Zisipofanana, si pacha, na mstari wa beringi hauaminiki. Namba ya injini iko upande wa feni. Tazama uso wa chuma pale: ukiona umesuguliwa laini kuliko jirani zake, huenda namba imegongwa upya. Hakiki pia kwamba haimo kwenye kumbukumbu za magari yaliyoibwa. Mwisho paka rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa kuzunguka mikao ya silinda na vitanda vya beringi. Kiraka cha kulehemu mara nyingi kinamaanisha kwamba konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti, iliwahi kutoboa kasha ikatoka nje.

Bei nahesabu kwa kurudi nyuma. Muulize mkereza vyuma kwanza, muuzaji baadaye. Tuseme kasha lililokamilika kukerezwa linauzwa dola 4,000, na mkereza anataka 1,800 kwa bushi zote, mstari wa beringi na kusawazisha maungio. Basi lisilokerezwa halizidi 2,200, nami hupunguza tena kwa kuwa nyufa nyingine huonekana baada ya kuosha. Vipimo vya beringi vikiwa vimeandikwa na aliyevipima anafikika, sipunguzi.

Likisafirishwa, omba nusu zifungwe pamoja kwa boliti zake mwenyewe, boliti ndefu zikiwa zimevikwa mipira. Nusu zilizolegea ndani ya sanduku hugongana, na uso wa maungio ukipata alama, oili itavuja hapo.