Mzee dhaifu nyumbani: muuguzi amtembelee au ampigie simu?

Simu ni nafuu. Kwa dakika 10 muuguzi anauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, haja na maumivu. Tatizo ni lile jibu la "sijambo, mwanangu". Wazee wengi hawapendi kusumbua watu, na simu haioni miguu iliyovimba.

Ziara inakula muda na nauli, lakini ndiyo inayogundua hatari kabla mzee hajaanguka. Alale dakika 5, apimwe presha, kisha asimame, mtu akiwa karibu kumdaka, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kile kizunguzungu cha alfajiri akielekea chooni kimepata maelezo. Mara nyingi chanzo ni dawa za presha au upungufu wa maji mwilini. Asiziache dawa mwenyewe; muuguzi awasiliane na daktari.

Kisha ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini kuanguka. Dawa zote zitolewe mezani, hata zile za mfukoni chini ya mto: hapo ndipo hukutwa dawa moja yenye majina mawili ya kibiashara, naye anameza zote mbili.

Kwa maoni yetu, ziara ya kwanza haina mbadala. Simu ifuate, hasa siku chache baada ya dawa kubadilishwa. Akichanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo; huo si uzee.