Emmel au elektroforesi: mtoto apimwe kwa kipi?

Emmel na elektroforesi ni vipimo vya damu vya kutafuta selimundu. Wazazi wa Lubumbashi wenye damu ya AS, yaani waliorithi hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) A ya kawaida kwa mzazi mmoja na S ya selimundu kwa mwingine, huuliza hili kila mtoto anapozaliwa.

Kwa bei, Emmel inashinda bila ubishi. Tone la damu, tone la metabisulfiti ya 2% (kemikali inayoondoa oksijeni), kioo juu, kingo zizibwe hewa isiingie, kisha hadubini. Seli zikipinda kama mundu, hemoglobini S ipo. Labo ndogo ya Katuba huweza kuifanya hata umeme ukikatika, kama hadubini yake hutumia mwanga wa jua.

Lakini Emmel haitofautishi AS na SS (aliyerithi S kwa wazazi wote wawili, mgonjwa wa selimundu), na hapo ndipo penye uzito wote: wa AS hukua kama wenzake, wa SS anahitaji penisilini na asidi ya foliki mapema. Tena chini ya miezi 6 hemoglobini F, ile ya mtoto mchanga, huificha S, mzazi akaambiwa mtoto hana kitu. Metabisulfiti iliyolala nayo hudanganya. Itengenezwe siku ileile.

Elektroforesi hutenganisha A, S na F. Wa AS ana A nyingi kuliko S. Wa SS hana A. Ni ghali zaidi, na umeme ukikatika katikati, kazi inarudiwa. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3, la sivyo mtasoma damu ya mchangiaji.

Mzazi mmoja akiwa AA (hana S) kwa kipimo cha uhakika, SS haitokei; Emmel baada ya miezi 6 yatosha. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS. Hapo tunawasihi: wekeni pesa ya elektroforesi tangu mimba.