Betri na chaja ninazozamia nazo, Mnemba mpaka Misali

Pesa yako ya mwanzo iende kwenye chaja, betri zije baadaye. Wenzangu wengi tunaofanya kazi ya kuwapiga picha wageni chini ya maji hufanya kinyume: wananunua betri za jina kubwa, halafu wanazichaji kwa kile kidude cha bure kilichokuja kwenye paketi ya tochi. Kaskazi ikishika, maji ya kisiwa cha Mnemba, Unguja, yanaonesha mbali, mgeni ameshalipia picha, na flashi inagoma kwenye mbizi ya pili. Mgeni hamjui aliyetengeneza betri, anakujua wewe.

Vyombo vyangu si vya ajabu. Kamera ni Olympus TG-6 ndani ya hausingi yake, kasha lisilopitisha maji, flashi moja ya Inon Z-330 inayokula betri nne za AA, zile za saizi ya saa ya ukutani, na tochi mbili za betri za lithiamu aina ya 18650.

Nianze na flashi, maana ndiyo inayosumbua watu. Kwenye karatasi betri ya kawaida ya alkalini ina volti 1.5, na ya kuchaji ya NiMH ina 1.2, kwa hiyo mtu anadhani ile ya alkalini ina nguvu zaidi. Ndani ya flashi mambo ni mengine. Flashi inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na alkalini ikivutwa hivyo inanywea: taa ya kuonesha kuwa flashi iko tayari inachelewa kuwaka, na samaki hakusubiri. NiMH inatoa umeme mwingi bila kushuka sana, na inakaa hivyo mpaka karibu na mwisho.

Nimetulia na Eneloop nyeupe, NiMH za Panasonic. Panasonic wenyewe wanaziandikia 1900 mAh (kipimo cha umeme ambao betri inashika) kwa uchache na uwezo wa kuchajiwa hadi mara 2100. Nyeusi, ile Pro, zinafika 2500 mAh lakini wanaziahidi kuchajiwa mara 500 tu. Ninazo zote mbili. Kwa mgeni anayekuja kupiga picha wiki moja kisha arudi kwao, nyeusi ni sawa. Kwa sisi tunaochaji karibu kila usiku wa msimu, nyeupe ndiyo hesabu inayolipa, na mbizi mbili za asubuhi inazimaliza bila taabu.

Betri nne ndani ya flashi ni watu wanne waliobeba kitanda: mmoja akilegea, mzigo wote unayumba. Zimeungwa kwa mfuatano, umeme uleule unapita kwa zote, na ile dhaifu ikiisha kabla ya wenzake inasukumwa mpaka chanya na hasi zinageuka. Ikifika hapo inaharibika, na pia inatoa gesi ya haidrojeni. Chombo cha kuzamia kimefungwa kwa oringi, pete za mpira, kisipitishe hata tone, kwa hiyo gesi nayo haina pa kutokea. Ndiyo maana hakuna sababu yoyote ya kuchaji betri za NiMH ndani ya tochi iliyofungwa kizibo, hata kama kuna tundu la kuchajia. Fungua kizibo, au zitoe kabisa. Na nne zilizozoeana zisitenganishwe. Zangu nimezitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nne nyekundu na nne za waridi, na mpaka sasa hajauliza chupa inapungua kwa nini.

Sasa chaja. Sharti langu la kwanza ni kila tundu lijitegemee. Chaja nyingi za bei ndogo zinachaji betri mbili mbili kwa pamoja. Utazijua kwa kuwa ukiweka moja peke yake hazifanyi kazi. NiMH ikijaa, volti yake inashuka kidogo sana, na chaja yenye akili inasubiri dalili hiyo kwa kila betri ndipo ikate. Zikiwa mbili kwa pamoja, moja inajaa na kuendelea kupikwa huku nyengine bado haijatosheka. Ukigusa betri ikakuchoma vidole, ujue ndicho kilichotokea.

Mimi natumia XTAR VC4. Ina matundu manne, inapokea NiMH na lithiamu, na inatumia waya wa USB. Kioo chake kinaonesha kila betri imeingiza mAh ngapi, na hicho ndicho nilichoinunulia. Usiku mmoja nilitia nne nyekundu baada ya kutoka Mnemba: tatu ziliishia karibu na 1700, moja ikajaa kwenye 1100. Zimefanya kazi moja, chini ya maji hayohayo, sasa hii mbona imeshiba mapema? Nikajua imechoka, nikaihamishia kwenye rimoti, na flashi ikapewa nne nyengine. Bila namba zile ningeendelea kuilaumu flashi. Ukijaza matundu yote, kasi ya kuchaji inashuka hadi 500 mA kwa kila betri, kwa hiyo Eneloop zilizoisha kabisa zinataka saa nne na zaidi. Nikitia baada ya magharibi, nikienda kulala zimeshajaa. Chaja za kujaza kwa robo saa sizitaki hata kwa zawadi. Joto lile linazizeesha betri haraka.

USB ina faida nyengine kwa hapa kwetu. Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha usiku au umeme ukikatika, nachomeka kwenye powabenki. Tukienda kisiwa cha Misali kutokea Wesha, Pemba, naichomeka kwenye sola ya boti, na chaja haijui tofauti. Kwa chaja zinazochomekwa ukutani moja kwa moja, jenereta na umeme unaorudi kwa kishindo ni adui, kwa hiyo chomoa umeme ukikatika, na usichomeke tena mpaka utulie.

Kwenye tochi ndiko kwenye uongo mwingi. Betri ya 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu 65, kutoka viwanda vinavyojulikana huishia kwenye 3500 mAh au zaidi kidogo. Sasa sokoni Darajani nilioneshwa iliyoandikwa 9900. "Sheikh, hii ndiyo orijino, hiyo yako ya 3400 ndogo," kijana wa dukani akaniambia. Nikamwomba nitoke nayo hatua chache, nikaenda kwa bibi anayeuza iliki na zafarani, mwenye kimizani kidogo cha kidijitali.

"Bi mkubwa, shikamoo. Naomba unipimie hizi mbili."

"Marahaba. Na hiyo dawa ya nini tena?"

Yangu gramu 47, ile ya 9900 gramu 31. Betri nzima ya aina hii huwa kama gramu 45 hadi 50. Nikairudisha dukani kwa adabu, hatukugombana.

Angalia pia kichwa. Tochi nyingine zinataka chenye kinundu, bapa hakigusi. Na betri yenye saketi ya kinga, inayokata umeme mambo yakiharibika, inakuwa ndefu kidogo, inaweza isiingie, kwa hiyo nenda dukani na tochi yako mkononi. Mimi nachukua zenye kinga kila zinapoingia. Safarini toa betri ndani ya tochi: ikijiwasha begini hakuna maji ya kuipooza. Kwenye ndege, betri za akiba za lithiamu zinakaa mkobani, ndani ya kiboksi cha plastiki, si pamoja na funguo.

Betri ya lithiamu ikilowa maji ya chumvi, usiichaji tena hata ikionekana nzima. Iweke nje, mbali na nyumba, kisha itafutiwe pa kutupwa salama. Ya NiMH ikilowa naisuuza kwa maji baridi ya bomba, naikausha, naiangalia. Ikiwa na kutu ncha zake, naiacha.

Kuhusu betri ya kamera yenyewe sina mengi. TG-6 inatumia LI-92B, ninazo za kampuni na za kuiga. Za kuiga hazifiki mbali lakini zinafaa kwa akiba. Iliyoanza kuvimba isilazimishwe kuingia, itakwama humo.

Kwa anayezamia mara moja moja na tochi tu, hahitaji vyote hivi. 18650 mbili zenye kinga na chaja ya matundu mawili zinamtosha, pesa inayobaki anunue oringi za akiba na grisi ya silikoni.