Baa isiyosikika kiti: "Mercy, Mercy, Mercy!" ya Cannonball Adderley

Jalada linadai albamu hii ya jazz ya Cannonball, mpiga saksofoni wa Marekani, imerekodiwa mubashara kwenye "The Club", klabu ya Chicago. Nikaamini. Aliyenitia shaka ni mjomba wangu, aliyepuliza saksofoni miaka mingi katika fanfare, bendi ya tarumbeta, ya kanisa hapa Lubumbashi. Tulikuwa kwake Kamalondo, umeme umekatika, simu tumeitumbukiza kwenye bakuli la bati ili sauti itoke vizuri. Akainamisha sikio. "Mwanangu, hii ni baa gani, hata kiti kikiburutwa hakisikiki?"

Nilinunua mega za intaneti nikatafuta. Kumbe ni studio ya Capitol, Hollywood, mwaka 1966! Walialikwa watu, wakapewa vinywaji bure, bendi ikapiga mbele yao. Cannonball alikuwa rafiki wa meneja wa klabu ile ya Chicago, akaona amtangazie biashara.

Iliniuma, nami bado nasema jalada lingetuambia ukweli. Lakini studio hiyo ndiyo inayonifanya nisikie kila fimbo ya Roy McCurdy ikigusa sahani za ngoma, na besi ya Victor Gaskin haimezwi na kelele. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, Cannonball anaanza kwa kuongea taratibu kama mhubiri: shida hutukuta hatujajiandaa. Halafu Joe Zawinul, aliyeutunga, anagusa piano ya umeme, na wimbo ukikolea watu wanaitikia kwa sauti, hawangoji uishe ndipo wapige makofi. Ndivyo tunavyosikiliza muziki hata huku kwetu. Furaha ile huwezi kumlipa mtu kwa glasi ya pombe akakuigizia.

Jambo moja mlijue kabla ya kumaliza mega zenu: katika wimbo huo uliovuma, saksofoni ya Cannonball na korneti (tarumbeta ndogo) ya mdogo wake Nat hushika zaidi kiitikio, na anayetamba peke yake ni Zawinul. Sisi tuliolelewa na saksofoni ya Verckys, mwanamuziki wa Kongo, tunataka mpulizaji aachiwe uwanja. Basi anzeni na "Fun". Alto, yaani saksofoni ya Cannonball, inakimbia, inakata kona, inacheka, na pumzi haimwishii.

"Games" sikuielewa sana. "Sack o' Woe", ya mwisho, mjomba aliniomba niirudie, nikairudia, akaniomba tena, mpaka betri ikazima.