Oili ya giaboksi kwa Land Rover 109: uzoefu wangu na Spirax S2 G 90

Nianze na jibu, kwa sababu najua wengi wanaotafuta habari hii wameshalala chini ya gari na spana mkononi. Kama una Land Rover Series III yenye giaboksi yake ya asili, tia oili namba 90 yenye alama ya GL-4, yaani daraja la oili ya gia la API linaloonyesha kiasi cha dawa za kuzuia msagiko. Mimi natumia Shell Spirax S2 G 90, nimeridhika nayo na sina mpango wa kuiacha. GL-5 usiitie kwenye giaboksi hiyo hata ukipewa bure.

Gari langu ni 109 (namba hiyo ni inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) ya petroli, injini ya lita 2.25, ya zile zilizounganishwa Thika enzi za Leyland Kenya. Naishi Mombasa, ila shughuli zangu hunipeleka Taita, na huko ndiko giaboksi inakopimwa kwa haki. Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni kona juu ya kona. Unapanda kwa gia ya pili, unashuka kwa gia hiyo hiyo ya pili, maana breki za gari la umri huu si za kutegemewa peke yake kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo. Sasa gari nilipolinunua, gia ya pili ndiyo iliyokuwa na maradhi. Ukishusha kutoka ya tatu inasaga. Ukikanyaga klachi mara mbili inaingia kwa kusuasua. Na ikishaingia, ukiachia mafuta kwenye mteremko, mkono wa gia unaruka wenyewe unarudi katikati. Mtu aliyewahi kujikuta hana gia juu ya mteremko ule hahitaji kuelezwa zaidi.

Aliyeniuzia alisema oili ya giaboksi ilikuwa mpya, imebadilishwa na gereji aliyoizoea. Hakusema uongo. Nilipoimwaga, gari likiwa limetoka safarini na bado lina joto, oili haikuwa nyeusi wala nzito. Lakini niliikingia kwenye beseni jeupe, nikaipeleka juani, na pale ndipo niliposhtuka: oili nzima ilikuwa inametameta dhahabu, vumbi laini kabisa, lisiloshikika kwa vidole ila kwa macho. Nikapitisha sumaku ndani ya beseni. Ilitoka na utandu mdogo wa kijivu kwenye ncha, jambo la kawaida kwa giaboksi ya miaka mingi. Ule umetameta haukusogea. Chuma hufuata sumaku, shaba haifuati. Kilichokuwa kinalika ndani ya giaboksi yangu kilikuwa shaba.

Na shaba imo humo kwa wingi kuliko watu wanavyodhani. Ringi za sinkro, zile zinazosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijakutana, ni za shaba. Kwenye shafti kuu, gia ya pili na ya tatu huzunguka juu ya bushi ya shaba nyeusi. Series III, iliyotoka mwaka 1971, ndiyo ya kwanza katika ukoo wake kuwa na sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Series II na IIA zilikuwa nazo kwenye ya tatu na ya nne tu. Kwa hiyo mwenye Series III ana ringi nyingi zaidi za kulinda, na ringi zenyewe siku hizi ukizipata nzima ushukuru.

Oili ya gia huchanganywa na dawa za salfa na fosforasi. Meno mawili ya chuma yanapogandamizana kwa nguvu na joto, dawa hizo hushikana na uso wa chuma na kutengeneza utando mwembamba, na utando huo ndio unaosagika badala ya meno. Ni kazi nzuri sana kwa chuma. Kwa shaba, utando huo huo hushika kwa nguvu kuliko shaba yenyewe inavyojishika, hivyo ukibanduka unaondoka na chembe za shaba. Salfa iliyo kali, oili ikipata moto, pia huila shaba moja kwa moja mpaka igeuke nyeusi. GL-5, ambayo nashuku ndiyo gereji ile iliyoitia, ina dawa hizi takriban mara mbili ya GL-4. Tofauti ni hiyo, na si ndogo.

Kwa haki lazima niseme kwamba GL-5 nyingi za leo zimetulizwa makali ili zisidhuru shaba kama zile za zamani. Hata hivyo kuna jambo la pili ambalo halijaondoka: utelezi. Ringi ya sinkro hufanya kazi kwa kushika. Inapaswa kukwaruza utando wa oili, ishike koni ya gia, ipunguze mwendo wake ndipo meno yaingiane. Ukiweka oili inayoteleza kupita kiasi, ringi inateleza nayo, na gia inasaga hata kama ringi bado nzima. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu magari mengi ya zamani yanaambiwa "sinkro zimekwisha" wakati kilichokosewa ni oili.

Fundi wangu, mzee aliyezishika hizi gari tangu ujana wake, hakukubaliana nami mara moja. Yeye shauri lake lilikuwa unene. "Mwanangu, weka mia arobaini, itanyamaza hii." Namheshimu, na najua anakotoka: oili 140 kweli huziba kelele, na kwenye giaboksi iliyochoka sana, ya gari la kubeba kokoto, huenda ikaongeza maisha kidogo. Lakini nzito hivyo inachelewa kufika kwenye ile bushi ya ndani, na asubuhi ringi zinahangaika kuipasua. Nilimwomba tujaribu 90 kwanza, akakubali.

Hapa pia namba huwachanganya watu. Utasikia mtu akisema, "90 ni nzito mno, injini inatumia 40 tu." Vipimo hivi viwili haviendi pamoja. Oili ya gia namba 90, ikishapata moto, unene wake ni karibu na oili ya injini namba 40 au 50. Mizani ya gia imepewa namba za juu makusudi ili chupa zisichanganywe. Na ile 80W utakayoiona kwenye makopo ya 80W-90 inahusu baridi, baridi ya nchi za theluji. Mombasa hatuna haja nayo, na hata Wundanyi asubuhi ya mwezi wa saba, pamoja na ukungu wake, iko mbali sana na baridi hiyo. Ukisoma ushauri wa Waingereza wa kutafuta oili nyepesi, kumbuka wao wanawasha gari barafu ikiwa kwenye kioo. Namba 90 tupu inatufaa.

Sasa dukani. Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa herufi moja inaweza kukugharimu ringi zote. Kuna Spirax S2 G 90 na kuna Spirax S2 A 90. Ile ya G ni GL-4. Ile ya A ni GL-5, ya difu. Chapa moja, namba moja. Duka la kwanza nililoingia, kijana alinitolea ya A akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni kitu kimoja, tena hii "ni ya juu zaidi". Wengi wanadhani 5 ni bora kuliko 4 kama vile ni madaraja ya shule. Sivyo. Zimetengenezwa kwa kazi mbili tofauti. Nilimshukuru nikaenda duka la pili, nikageuza kopo nyuma na kusoma mpaka nilipoiona API GL-4 kwa macho yangu. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa sikuigusa. Ni rahisi, lakini hakuna anayeweza kukuambia ni GL ngapi.

Difu ya nyuma ni hadithi nyingine, na hapo ndipo GL-5 inapostahili heshima yake. 109 nyingi za Series III zina difu ya nyuma ya Salisbury, na ndani yake pinioni, gia ndogo inayosukuma, imekaa chini ya katikati ya kraun, gia kubwa inayosukumwa. Meno hayabingiriki tu, yanaburuzana, tena kwa uzito wote wa gari. Bila dawa kali yangeliwa upesi. Kwa hiyo nilinunua na ya A pia, lita 2.5, ikaenda nyuma. Makopo mawili nikayaandika kwa kalamu nene ya rangi, GIABOKSI na DIFU, ili mtu yeyote atakayenisaidia asikosee.

Giaboksi kuu inachukua lita 1.5 na transfa, sanduku la gia la nyuma yake linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, lita 2.5, jumla lita 4. Nilinunua 5 ili moja ibaki ya kuongezea. Usifungue kizibo cha kumwagia kabla hujahakikisha cha kujazia kinafunguka. Kwenye gari la umri huu kizibo huweza kuwa kimeganda, na ukishamwaga ukashindwa kujaza, gari halitoki hapo. Jaza likiwa limesimama mahali tambarare, mpaka oili ianze kutiririka kwenye tundu la usawa, kisha subiri itulie ndipo ufunge. Ukishamaliza, wiki zinazofuata pima giaboksi na transfa zote mbili. Kati yao kuna sili ya shafti, na ikichoka oili huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Utaona transfa inafurika na giaboksi inakauka, wala hakuna tone chini ya gari la kukushtua.

Matokeo? Gia ya pili kusaga kuliisha, si siku ile ile, bali baada ya safari kadhaa, nadhani mpaka mabaki ya oili ya zamani yalipochanganyika na kupungua nguvu. Sasa nashusha kutoka ya tatu kwenda ya pili kwenye kona za kuelekea Wundanyi kwa klachi ya kawaida, mkono unaingia kwa uzito ule wa Land Rover, lakini unaingia. Nilimwaga tena mapema kuliko inavyotakiwa, kusudi nione. Beseni lile lile jeupe, jua lile lile: umetameta ulikuwa umebaki kidogo sana. Mzee fundi aliinama akaangalia, akachovya kidole, akasema, "Hii acha."

Kuruka kwa gia kulibaki. Oili haikusaidia chochote hapo, na asiwadanganye mtu kwamba kuna oili ya kuponya hilo. Pale tulibadilisha springi na gololi zinazoshikilia fito za gia, ndipo ikatulia. Mlio wa gia ya kwanza na ya pili uko pale pale. Hizo ndizo sauti za 109, nami nimezizoea. Kuvuja nako kuko pale pale, ingawa 90 haikuongeza.

Kabla hujanunua kama nilivyonunua mimi, hakikisha giaboksi yako ni ya Series kweli. Land Rover nyingi zimeshabadilishwa vyombo. Ukikuta umewekewa giaboksi ya LT77, ile iliyokuja na One Ten miaka ya 80, hiyo haitaki 90 kabisa: inatumia ATF, oili ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Na mwenye Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, asinifuate mimi. Kiwanda kiliiandikia giaboksi yake oili ya injini, na nimeziona ngapi zimejazwa 90 na kulaumiwa kwa ugumu wa gia asubuhi! Tafuta kitabu cha gari lako, usome ukurasa wa vilainishi, kisha nenda dukani na namba hiyo imeandikwa kwenye karatasi.

Kuhusu bei, S2 G 90 ni ghali kuliko oili ya kupimiwa na haitofautiani sana na GL-5 za chapa nyingine. Shida yake moja ni upatikanaji. Maduka mengi huweka ya difu tu kwa sababu ndiyo inayoulizwa na wenye malori, hivyo huenda ukalazimika kuagiza na kusubiri. Mimi siku hizi naagiza kabla sijaihitaji, na kopo moja lililofungwa hukaa nyuma ya kiti kila ninapopanda Taita.