Junky ya Burroughs: teja asiyejihurumia

Nakala yangu ni ya mtumba, nimeipata soko la Sabasaba kwa shilingi 4,000, jalada linashikiliwa na selotepu. William Burroughs aliitoa mwaka 1953 kwa jina la William Lee, na mengi humo yamempata mwenyewe: heroini New York, New Orleans, hadi Mexico. Hajionei huruma hata chembe. Kurasa za arosto, yale mateso ya teja akikosa dawa, ndizo zilizonishika, macho na pua vinavyotiririka, miayo isiyokwisha. Nilimsomea kipande binamu yangu, ambaye kila asubuhi hupanda daladala kwenda kunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, kliniki ya Itega, Dodoma. Akacheka: “Huyu kaula unga kweli, kaka.” Mke wa jamaa, lakini, anapita kitabuni kama kivuli, hapo kaniudhi. Misimu ya mateja ikikushinda, nyuma kuna faharasa.